Mtoto ana matege, vitamini D haikumsaidia, na fosfeti iko chini: hatua inayofuata ni ipi?

Mama wa Binti

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba ufafanuzi kutoka kwa wataalamu, na pia kutoka kwa wazazi ambao watoto wao wamepata tatizo kama hili.

Binti yangu anakaribia kutimiza miaka mitatu. Alichelewa kutembea, na baada ya kuanza kusimama miguu yake ilianza kupinda kuelekea nje. Sasa anatembea kwa kuyumba, vifundo vya mikono vimenenepa, na kwa kimo ameachwa na watoto wa rika lake. Picha za eksirei za magoti na mikono zilionyesha kwamba ncha za mifupa zimepanuka na kingo zake zimekaa kama kitambaa kilichofumuka. Tuliambiwa ni matege yanayotokana na ukosefu wa vitamini D, naye akapewa vitamini hiyo kwa miezi kadhaa, kwanza kwa dozi ya kawaida, kisha kwa dozi kubwa zaidi pamoja na kalsiamu. Picha iliporudiwa haikuonyesha nafuu yoyote.

Majibu yake ya damu ni haya: kalsiamu 2.35 mmol/L, fosfeti 0.86 mmol/L, alkalini fosfatesi (ALP, kimeng'enya kinachopanda mifupa ikiwa na matege) 780 U/L, vitamini D ya akiba (25-OH) 85 nmol/L, homoni ya parathiroidi (PTH) 6.1 pmol/L ambayo bado imo ndani ya kiwango cha maabara hiyo, na kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo) 30 µmol/L. Daktari mpya aliyemwona aliizungushia duara ile fosfeti, akasema huenda haya ni matege ya upungufu wa fosfeti, akaandika na kipimo cha mkojo ambacho majibu yake hayajatoka.

Kinachonitatiza ni kwamba karatasi ya maabara inaonyesha kiwango cha fosfeti kuwa 0.81 hadi 1.45, kwa hiyo 0.86 haikuwekewa alama yoyote. Imekuwaje iwe pungufu? Je, nimwongezee vyakula vyenye fosfeti? Jambo jingine ni kwamba mimi mwenyewe ni mfupi, miguu yangu imepinda tangu utotoni, na nimewahi kupata majipu ya fizi kwenye meno ambayo hayakuwa yametoboka. Sijui kama yanahusiana na hali ya mtoto.

Daktari wa Watoto

Mama, nianze na hiyo namba ya fosfeti, kwa kuwa ugonjwa huu huwaponyoka wengi hapo hapo. Kiwango cha 0.81 hadi 1.45 kilichochapwa kwenye karatasi yako ni cha watu wazima. Mtoto anayekua huwa na fosfeti nyingi zaidi katika damu, na kwa umri wa binti yako tunatarajia takriban 1.2 hadi 2.1 mmol/L, huku watoto wachanga wakiwa juu zaidi hata ya hapo. Kwa hiyo 0.86, ambayo kwa mtu mzima isingemshtua mtu, kwake ni ya chini sana. Daktari wako alifanya vyema kuizungushia duara.

Hata hivyo, fosfeti kuwa chini peke yake hakumalizi hoja. Mtoto aliyekosa vitamini D au kalsiamu kwa muda mrefu naye huonyesha fosfeti ya chini, kwa sababu kalsiamu inapopungua tezi za parathiroidi huongeza homoni yake, na homoni hiyo huzifanya figo zimwage fosfeti. Tofauti huonekana kwenye PTH: kwa mtoto wa namna hiyo ingepanda sana, wakati kwa binti yako imebaki katika kiwango, vitamini D ya akiba inatosha, na kalsiamu haijatetereka. Picha ya namna hii inaelekeza kwamba upungufu wa fosfeti ndio chanzo, na haukuletwa na kingine. Ndiyo sababu pia vitamini D ya kawaida haikuleta nafuu. Mfupa hujengwa kwa kalsiamu na fosfeti kwa pamoja, na seli za gegedu zilizo karibu na ncha za mfupa zinahitaji fosfeti ili zikomae na kufa kwa mpangilio, mfupa mgumu uchukue nafasi yake. Fosfeti ikikosekana, gegedu hurundikana, ncha hupanuka, na mifupa iliyo laini hupinda kwa uzito wa mwili.

Kuhusu chakula, fosfeti imo karibu katika kila kitu tunachokula, na upungufu unaotokana na lishe pekee ni nadra. Huonekana hasa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au kwa mtu aliyetumia kwa muda mrefu dawa za kupunguza asidi ya tumbo zenye alumini, ambazo hunasa fosfeti tumboni. Kwa mtoto wa miaka mitatu anayekula vizuri, kwa kawaida tatizo ni figo zinazoivujisha. Ukiongeza chakula chenye fosfeti bila kushughulikia uvujaji huo, kiasi kikubwa kitaishia kwenye mkojo.

Sasa, maelezo yako kuhusu wewe mwenyewe yana uzito kuliko unavyodhani. Aina ya kurithi inayoonekana zaidi, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 20,000, hutokana na hitilafu katika jeni ya PHEX iliyoko kwenye kromosomu X. Hitilafu hiyo husababisha seli za mfupa kutengeneza kupita kiasi homoni iitwayo FGF23, nayo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huziamuru figo zitoe fosfeti, na huzizuia zisigeuze vitamini D ya akiba kuwa kalsitrioli, ambayo ndiyo vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Mama mwenye hitilafu hii ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume. Baba mwenye nayo huwarithisha mabinti wake wote, na wana wake wa kiume hakuna anayerithi. Kimo kifupi, miguu iliyopinda tangu utotoni, na majipu ya fizi kwenye meno yasiyooza ni dalili zinazotajwa mara nyingi kwa watu wazima wenye ugonjwa huu.

Kabla ya kuanza dawa, naomba vipimo vifuatavyo vikamilike: fosfeti na kreatinini za damu na za mkojo zilizochukuliwa pamoja asubuhi kabla ya mtoto kula, kalsiamu ya mkojo, sukari na protini za mkojo, bikaboneti ya damu, kalsitrioli, na FGF23 ikiwa maabara inaweza kuipima. Hiyo ya mwisho ipimwe kabla ya matibabu, kwani fosfeti ya kunywa na kalsitrioli huipandisha. Pia mwambieni daktari dawa zote ambazo mtoto amewahi kutumia, kwa sababu zipo zinazoweza kuharibu mirija ya figo, mojawapo ikiwa tenofoviri, dawa ya virusi vya UKIMWI.

Mzazi Mzoefu

Mimi kwa maoni yangu msikimbilie mambo ya jeni. Mtoto wa jirani yangu alikuwa hivyo hivyo, akapigwa sindano moja kubwa ya vitamini D na miguu ikanyooka. Labda huyu dozi yake bado ni ndogo.

Daktari wa Watoto

Ndugu yangu, ninafurahi kwamba mtoto huyo alipona, na bila shaka yeye alikosa vitamini D kweli. Huyu ana 85 nmol/L, na tunahesabu kuwa inatosha kuanzia 50. Njia ya kuzidisha dozi si ngeni: mwaka 1937 Fuller Albright na wenzake walieleza habari za mgonjwa wa matege ambaye hakuonyesha nafuu hadi alipopewa vitamini D kwa wingi uliopindukia, na kwa miaka mingi baadaye madaktari walifuata mkondo huo. Tatizo ni kwamba dozi za namna hiyo hupandisha kalsiamu na kuziumiza figo, ilhali uvujaji wa fosfeti unaendelea kama ulivyokuwa. Hatuna sababu ya kurudi huko wakati chanzo kinajulikana.

Fundi Sanifu Maabara

Ningependa kuongeza jambo kuhusu kipimo cha mkojo, kwani huwa kinaletwa vibaya. Hakuna ulazima wa kukusanya mkojo wa saa 24, jambo ambalo kwa mtoto mdogo ni mateso matupu. Inatosha mkojo wa pili wa asubuhi mtoto akiwa hajala, na damu ichukuliwe karibu na wakati huo huo. Fosfeti ya damu hubadilika kwa chakula na kwa saa za siku, ndiyo maana tunasisitiza mtoto awe hajala. Damu pia isicheleweshwe kufika maabara, wala chembe zake nyekundu zisipasuke, kwani fosfeti iliyomo ndani yake huvuja na kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli.

Kisha hatuangalii fosfeti ya mkojo peke yake. Tunakokotoa sehemu ya fosfeti ambayo figo zimeirudisha kwenye damu.

Mama wa Binti

Ninashukuru sana, daktari na fundi sanifu. Majibu ya mkojo yametoka leo, na ulichukuliwa asubuhi akiwa hajala, siku moja na damu. Fosfeti ya mkojo ni 20 mmol/L na kreatinini ya mkojo ni 3 mmol/L. Sukari na protini hazikuonekana, bikaboneti ya damu ni ya kawaida, na kalsiamu ya mkojo iko chini. Mnaweza kunionyesha hesabu inavyofanywa?

Fundi Sanifu Maabara

Ndiyo, dada. Kwanza tunaweka kreatinini zote katika kipimo kimoja: 30 µmol/L ya damu ni 0.030 mmol/L. Tunazidisha fosfeti ya mkojo kwa kreatinini ya damu, 20 × 0.030, tunapata 0.6. Tunazidisha fosfeti ya damu kwa kreatinini ya mkojo, 0.86 × 3, tunapata 2.58. Tunagawa 0.6 kwa 2.58, tunapata takriban 0.23. Hiyo ndiyo sehemu iliyopotea, maana yake figo zimerudisha 0.77 tu, yaani asilimia 77. Mtoto ambaye damu yake ina upungufu wa fosfeti, na figo zake ni nzima, angebana karibu yote na mkojo wake ungekuwa na fosfeti kidogo mno.

Hatua ya pili ni kupata kiwango ambacho figo huanza kumwaga fosfeti. Kwa kuwa 0.77 haizidi 0.86, ambayo ni mpaka uliowekwa katika kanuni ya hesabu hii, tunazidisha tu 0.77 kwa fosfeti ya damu, tunapata takriban 0.66 mmol/L, ilhali kwa mtoto wa umri wake tunatarajia izidi 1.1. (Hiyo 0.86 ya kanuni haihusiani na fosfeti ya mtoto wako. Zimefanana kwa bahati tu.) Uvujaji upo, na ni mkubwa. Tafsiri yake ninamwachia daktari.

Daktari wa Watoto

Hesabu ni sahihi, na yale majibu mengine yana thamani kubwa. Kukosekana kwa sukari na protini kwenye mkojo, pamoja na bikaboneti ya kawaida, kunaiondoa picha ya sindromu ya Fanconi, ambayo mirija ya figo hupoteza vitu vingi kwa mkupuo na matibabu yake ni tofauti.

Kalsiamu ya mkojo kuwa chini ni jambo ambalo nilikuwa nalisubiri kwa hamu zaidi. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi, unaotokana na jeni ya SLC34A3, ambao figo huvujisha fosfeti bila FGF23 kuhusika. Kwa wagonjwa hao kalsitrioli hupanda yenyewe, utumbo hunyonya kalsiamu nyingi, na mkojo hujaa kalsiamu. Wao hutibiwa kwa fosfeti peke yake. Ukiwapa na kalsitrioli unawaongezea mawe ya figo. Kwa picha ya eksirei na fosfeti ya damu huwezi kuwatofautisha na wa PHEX, na ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuanzisha dawa zote kwa pamoja kabla mkojo haujapimwa. Kwa binti yako dalili zote, pamoja na historia yako, zinaelekea kwenye FGF23. Kipimo cha jeni kitathibitisha, lakini kama hakipatikani, matibabu hayapaswi kusubiri.

Matibabu ya kawaida ni fosfeti ya kunywa pamoja na kalsitrioli au alfakalsidoli (dawa ya jamii hiyo hiyo ya vitamini D), na haya mawili huenda pamoja. Fosfeti ikipewa peke yake hushusha kalsiamu ya damu kwa muda mfupi, tezi za parathiroidi zikachochewa, na PTH inayopanda ikazidisha uvujaji ule ule tunaoukimbia. Kwa miaka tezi hizo zinaweza kukua na kuacha kutii. Dozi ya fosfeti huanzia miligramu 20 hadi 60 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mtoto wa kilo 12 hupata 240 hadi 720 kwa siku nzima. Zinahesabiwa miligramu za fosforasi yenyewe, si uzito wa unga au kidonge, na makosa ya dozi hutokea hapo mara nyingi. Kalsitrioli huwa nanogramu 20 hadi 30 kwa kilo kwa siku, alfakalsidoli 30 hadi 50. Dozi yake ataipanga daktari anayemwona. Nimezitaja ili uelewe mazungumzo yenu.

Wala usitegemee kuona fosfeti ya asubuhi imerudi kwenye kiwango cha kawaida. Fosfeti ya kunywa hupanda ndani ya damu na kushuka tena baada ya saa chache, na daktari anayeifukuza namba hiyo huishia kuzidisha dozi hadi PTH ipande na chokaa ijikusanye ndani ya figo. Tunaangalia ALP ikishuka, kimo kikiongezeka, miguu ikinyooka, na ncha za mifupa zikipona kwenye picha. Kila miezi mitatu hivi mtoto apimwe damu na kalsiamu ya mkojo, na figo zifanyiwe ultrasaundi mwanzoni kisha kila mwaka mmoja au miwili.

Baba wa Kijana

Dada, pole na hongera kwa kufika hapo, kwani wengi hukaa miaka bila jibu. Mwanangu ana hitilafu ya PHEX ingawa mimi na mama yake hatuna. Tulielezwa kwamba jeni inaweza kubadilika kwa mara ya kwanza kwa mtoto mwenyewe.

Yale ambayo karatasi ya dawa haiyasemi ni ya nyumbani. Fosfeti hugawanywa mara nne hadi sita kwa siku kwa mtoto mdogo, na mgawanyo huo ni muhimu kuliko unavyoonekana, maana dozi kubwa mara mbili kwa siku huleta kuhara na maumivu ya tumbo, na faida yake haidumu. Sisi tulianza kidogo kidogo tukapandisha polepole. Usimpe pamoja na maziwa, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huinasa fosfeti tumboni. Ina chumvichumvi ambayo watoto hawaipendi; tuliichanganya kwenye maji mengi kwenye chupa yake, akawa anakunywa taratibu, na alipoanza shule tukamweleza mwalimu. Kalsitrioli ni rahisi, ila usiizidishe hata tone, na akipata kiu kisicho cha kawaida, kutapika au kukosa choo, mpelekeni kupima kalsiamu.

Meno nayo yaangaliwe mara mbili kwa mwaka hata yakionekana safi. Meno yao yana udhaifu kwa ndani, bakteria hupenya kwenye nyufa zisizoonekana, na jipu hutokea bila tundu.

Mama wa Binti

Nimesoma kuhusu sindano inayoitwa burosumabu. Je, ni bora kuliko hizi dawa za kunywa? Na miguu itahitaji kufanyiwa upasuaji?

Daktari wa Watoto

Burosumabu ni kingamwili inayoifunga FGF23 ili isifanye kazi, na iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2018. Kwa watoto huanza kwa miligramu 0.8 kwa kilo, sindano chini ya ngozi kila wiki mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watoto 61 wenye umri wa mwaka 1 hadi 12 waligawanywa katika makundi mawili, na waliopata burosumabu walionyesha mifupa kupona kuliko walioendelea na fosfeti na kalsitrioli. Kwa hiyo ndiyo, kwa mtoto mwenye matege makali ni bora, inapopatikana. Bei yake ni kubwa mno na mahali pengi haifiki, na mtoto anayefuatwa vizuri kwa dawa za kunywa naye hupata nafuu ya kweli, hasa akianza mapema kama binti yako. Kamwe zisitumiwe pamoja: fosfeti ya kunywa na kalsitrioli husimamishwa wiki moja kabla ya sindano ya kwanza. Vilevile haimfai mgonjwa ambaye uvujaji wake hautokani na FGF23.

Mtaalamu wa Mifupa

Kuhusu upasuaji, msiharakishe. Mfupa ulionyooshwa kwa kukatwa huku fosfeti ikiendelea kuvuja utapinda tena, na nimewaona watoto waliofanyiwa hivyo zaidi ya mara moja. Kwanza dawa, angalau mwaka mzima, na kila mara tunapomwona tunapima nafasi kati ya magoti akiwa amelala na vifundo vya miguu vimegusana. Kwa watoto wadogo miguu mingi hunyooka yenyewe mfupa unapokuwa mgumu.

Ikibaki imepinda, tunaweza kuweka kibati kidogo chenye skrubu upande mmoja wa sehemu ya ukuaji, upande ule ukasita na mwingine ukaendelea kukua hadi mguu unyooke, kisha kibati huondolewa. Njia hiyo inahitaji mtoto awe bado na miaka kadhaa ya kukua, kwa hiyo msije mkachelewa hadi kubalehe kuishe. Viatu na vyuma vya kubana miguu havitengenezi mfupa usio na madini, na mimi siviagizi. Mtoto akianza kulalamika kichwa kuuma au kichwa chake kikawa na umbo lisilo la kawaida, semeni mapema, kwani kwa watoto hawa mishono ya fuvu inaweza kufunga kabla ya wakati.

Daktari wa Watoto

Jambo moja limebaki, Mama, nalo linakuhusu wewe. Omba upimwe fosfeti, kreatinini, PTH na ALP, pamoja na mkojo wa asubuhi. Mtu mzima asiye na maumivu wala nyufa za mifupa halazimiki kutumia dawa, lakini kama magoti, nyonga au mgongo vinakusumbua, au kama kuna mfupa unaouma mahali pamoja kwa muda mrefu, hilo linatibika. Na ukijaliwa mtoto mwingine, apimwe katika wiki za kwanza, kisha arudiwe kila baada ya miezi michache hata kama majibu ya mwanzo ni mazuri, kwa sababu fosfeti inaweza kuonekana ya kawaida kwa miezi mitatu au minne ya kwanza ilhali ugonjwa upo, na mara nyingi ALP ndiyo hupanda kwanza.